‘Naweza kuacha wakati wowote’: Ni jeni zinazosema au ni wewe?

Kaa kwenye meza yoyote ya keg Ijumaa usiku, utaisikia kabla ya bili kufika: “Mimi si mlevi bana, naweza kuacha wakati wowote.”

Wanasaikolojia huita hali hiyo kukana. Ni mojawapo ya kinga za akili ambazo Anna Freud alizieleza katika kitabu chake cha 1936. Akili huuficha ukweli unaouma ili mtu aendelee na siku yake. Si uongo haswa, kwani anayekana mara nyingi huamini anachosema. Binamu zake ni visingizio (“kazi ina presha”) na kuwarushia wengine lawama (“manzi wangu ndiye hunisukuma”).

Je, mtu huzaliwa hivyo? Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu ya tofauti za watu katika hatari ya uraibu wa pombe hutokana na jeni. Hapo ndipo wengi hukoroga mambo. Haimaanishi kwamba ukiwa na baba mlevi, basi una nafasi ya asilimia 50 ya kumfuata.

Mwaka wa 1990, Kenneth Blum na wenzake nchini Marekani walihusisha ulevi na jeni ya DRD2, inayounda vipokezi vya dopamini ubongoni. Watu wakadhani “jeni ya ulevi” imepatikana. Tafiti zilizofuata zikashindwa kuafikiana. Leo inajulikana kuwa jeni zinazohusika ni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo tu.

Jeni ya kukana? Hakuna. Kinachorithiwa kwa kiasi fulani ni mambo kama wasiwasi na pupa, na mtu wa aina hiyo huenda akahitaji ngao mapema. Pombe nayo huinenepesha ngao hiyo. George Vaillant wa Harvard, aliyechambua maisha ya wanaume waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa, alisema katika kitabu chake cha 1983 kwamba tabia nyingi tunazodhani zilileta ulevi, kumbe zililetwa na ulevi wenyewe.

Ndiyo maana ile kauli ya “ni damu ya familia yetu, utado?” inafaa kutiliwa shaka. Hicho ni kisingizio kilichovaa koti la maabara.

Na kama ni beshte yako anayekana, kumfokea humfanya ajifungie zaidi. Muulize pombe inampa nini, na inamnyima nini, kisha nyamaza umsikilize. Laini ya NACADA ni 1192, haitozwi hata senti.