Jongoo wa Kilindini na Jiwe Jeusi la Kambove

Wengi wetu tuliozaliwa Kambove hatujawahi kuionja chumvi ya bahari. Hata hivyo tunaishi juu ya sakafu yake. Wanajiolojia wamelipa tabaka moja la miamba ya Katanga jina la mji wetu, na ndani yake kuna mistari ya mawimbi-mawimbi iliyojengwa na vijidudu katika bahari ya kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita.

Jiwe la kobalti la huku kwetu, heterojeniti, ni jeusi na zito, nalo huacha weusi vidoleni kama masizi. Mchimbaji mzoefu hulitambua kwa jicho, lakini manganizi nayo ni nyeusi. Ndiyo maana mnunuzi haamini rangi. Hulipima kwa mashine ya kupimia madini iitwayo Metorex ndipo aseme bei.

Kobalti hiyohiyo imelala pia chini ya Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye eneo la Clarion-Clipperton. Huko, mita 4,000 hadi 5,500 chini, iko ndani ya vinundu vyeusi vinavyolingana na viazi, na kinundu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Kati ya vinundu hivyo hutambaa majongoo bahari.

Watu wa pwani wanawajua jamaa zao wa maji mafupi: jongoo mchanga, pauni, na wengineo wanaokaushwa na kuuzwa Asia. Wa kilindini ni wa namna nyingine. Psychropotes longicauda ana mwili laini kama uji ulioganda, mdomo uko upande wa tumbo, na mgongoni, karibu na nyuma, amesimamisha kitu kama mkia wa kindi. Hjalmar Théel wa Uswidi ndiye aliyempa jina mwaka 1882, akichambua viumbe walioletwa na meli ya Uingereza, Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876.

Kumtambua si kazi rahisi. Mtaalamu huhesabu minyiri iliyozunguka mdomo, huangalia miguu ilivyopangwa na mahali mkia unapoanzia. Tatizo ni kwamba jongoo akipandishwa kwa wavu hunywea na kuchanika, na ndani ya spiriti rangi yake ya zambarau hufifia. Rangi humdanganya mtaalamu kama inavyomdanganya mnunuzi wa mawe.

Basi mtaalamu hugeukia ngozi. Hukata kipande kidogo kama punje ya mchele, akakiweka juu ya kioo na kukidondoshea javeli, ileile tunayofulia nguo nyeupe. Nyama huyeyuka taratibu, mapovu yakipanda. Yanapotulia, chini ya hadubini hubaki vijifupa vya chokaa visivyoonekana kwa macho. Psychropotes huacha misalaba ya mikono minne yenye mwiba katikati. Laetmogone huacha magurudumu yenye vijiti, kama ya baiskeli. Kwa jamaa zao wa maji mafupi utaona maumbo kama meza na vifungo vya shati. Sijui ushahidi mzuri zaidi ya huo: mnyama aliyesambaratika wavuni bado anabeba utambulisho wake ngozini. Siku hizi vipimo vya jeni huongezewa hapo, navyo vimeonyesha kwamba baadhi ya majongoo waliokuwa wakiitwa kwa jina moja ni spishi mbalimbali.

Kazi iliyobaki ni kubwa mno. Watafiti waliokusanya kumbukumbu zote za Clarion-Clipperton mwaka 2023 walihesabu spishi za wanyama 5,578 zilizorekodiwa, na karibu tisa katika kila kumi hazikuwa na jina la kisayansi. Mimi ni mtoto wa mji wa kobalti, na nataka wanyama hao wapewe majina kabla vinundu havijachukuliwa. Mashine ya kuvikusanya ilikwisha kujaribiwa huko mwaka 2022. Hupita ikikwangua tope la juu, na tope hilo ndilo chakula cha jongoo.