Spika Nusu, Chumba Nusu

Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, spika huuzwa kwa namba. Sabufa moja imebandikwa wati 8,000, jirani yake wati 12,000, na muuzaji anapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vinatetemeka ili ubishi uishe. Geuza boksi usome kibati kilicho nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Mara nyingi utakuta wati 50 au 80. Kibati hicho ndicho cha kuamini. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 tu. Sabufa yenye wati 8,000 za kweli ingedai ampea 35, sawa na pasi nane zilizochomekwa kwa pamoja, na fyuzi ingekatika kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Namba ya kwenye kibandiko kwa kawaida huandamana na herufi PMPO. Hakuna kanuni inayokubalika ya kuipima. Kila kiwanda hujikadiria kinavyopenda. Herufi za kutafuta ni RMS, zinazoonyesha nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Na hata hiyo ni nusu ya habari, kwa kuwa wati ni chakula kinachoingia kwenye spika, si sauti inayotoka. Sauti inayotoka hupimwa kwa desibeli: spika nyingi za nyumbani hutoa desibeli 84 hadi 90 zikipewa wati moja na kusikilizwa umbali wa mita moja. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 inayolishwa wati 20 italingana na ya desibeli 84 inayolishwa wati 80. Mwenye kununua wati bila kuuliza desibeli ananunua gizani.

Msimamo wangu ni huu: mpenzi wa muziki mwenye pesa za kawaida atafaidika zaidi akiielewa spika yake na chumba chake kuliko akiongeza wati.

Spika yenyewe si kifaa cha ajabu. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walichapisha maelezo ya spika yenye koili ya waya iliyoning'inia ndani ya sumaku na kushikamana na koni. Mkondo wa umeme ukipita kwenye koili, koili husukumwa mbele na nyuma, koni hufuata, na hewa hufuata koni. Karne moja imepita na spika nyingi zinazouzwa leo bado zinafanya kazi hivyo hivyo. Koni kubwa husukuma hewa nyingi polepole, na hiyo ndiyo besi. Twita, ndogo na nyepesi, hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde na kutupa zile "s" na "t" za mwimbaji.

Ugumu uko kwenye boksi. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Kwenye masafa ya chini, wimbi la nyuma huzunguka na kulifuta lile la mbele, ndiyo maana spika iliyotolewa kwenye boksi husikika kama redio ya mkulima. Boksi hutenganisha mawimbi hayo, lakini pia hewa iliyomo ndani yake inakuwa springi inayoizuia koni. Mwaka 1954 mvumbuzi wa Marekani, Edgar Villchur, aliigeuza kero hiyo kuwa faida: alifunga boksi kabisa, akalegeza koni, akaiachia hewa ifanye kazi ya springi. Spika yake, AR-1, ilitoa besi nzito kutoka kwenye boksi dogo kuliko mengi ya wakati ule. Miaka michache baadaye, Neville Thiele wa Australia, na baada yake Richard Small, waliandika hesabu za boksi lenye tundu, lile bomba la plastiki unaloliona mbele au nyuma ya sabufa. Hewa iliyo ndani ya bomba hutetemeka kwa masafa yake yenyewe na kuisaidia koni pale inapochoka.

Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapopoteza kazi nzuri. Mteja anamletea seremala spika ya gari ya inchi 12 na picha ya boksi aliloliona kwa jirani. Seremala anachonga boksi safi, MDF ya milimita 18, kona zimekaa sawa, rangi inang'aa, na besi inatoka kama ngoma iliyolowa. Kila spika inadai ujazo wake wa boksi na urefu wake wa bomba. Kuna namba tatu zinazoamua: masafa ambayo koni hupenda kutetemeka, ulaini wa springi yake (huandikwa kama lita za hewa), na jinsi inavyojizuia isiendelee kutikisika. Watengenezaji makini huziandika kwenye karatasi ya vipimo, na zipo programu za bure za kukokotoa boksi ukishazipata. Spika isiyo na karatasi hiyo isinunuliwe kwa ajili ya kuchongewa boksi. Iache hata kama sumaku yake ni kubwa kama sahani.

Wanaonunua za mtumba, zile zinazoshuka kwenye makontena, waangalie ule ukingo laini unaoishikilia koni. Ukiwa wa sponji, miaka kumi na tano inatosha kuufanya ubomoke vidoleni, na unyevu wa pwani huharakisha. Wa mpira hudumu zaidi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua, na punguzo la bei halitaiponya.

Sasa chumba. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao hakuna aliyeweza kumwelewa mhadhiri ndani yake: neno lililosemwa liliendelea kusikika kwa takriban sekunde tano na nusu, likagongana na maneno yaliyofuata. Kazi ya kuutibu ilimwangukia mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Usiku, kelele za mji zikipungua, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga humo, wakapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Kabla ya asubuhi waliirudisha mito yote mahali pake. Kutokana na kuhamahama huko ilipatikana kanuni ambayo wasanifu wa kumbi wanaitumia hadi leo: muda wa mwangwi hutegemea ujazo wa chumba ukigawanywa kwa kiasi cha vitu vinavyomeza sauti.

Tazama sebule ya kisasa ya mjini kwa jicho la Sabine. Kuta za bloku zilizopigwa plasta na rangi, sakafu ya vigae, dirisha la aluminiamu, televisheni bapa ya kioo. Plasta ngumu humeza asilimia chache tu ya sauti inayoigonga, na inayobaki yote inarudi. Ndiyo maana mazungumzo ya filamu hayaeleweki na watu wanaongeza sauti, jambo linaloongeza mwangwi vilevile. Dawa haina siri: zulia nene katikati, kochi la kitambaa badala ya ngozi, pazia zito lenye mikunjo mingi, kabati la vitabu vilivyopangwa ovyo. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani kwenye vyumba vya kurekodia vya mitaani hazisaidii sana. Ni karatasi nyembamba, na sauti haijali umbo lake.

Pazia hata hivyo halitaigusa besi. Sauti ya hezi 10,000 ina wimbi la sentimita tatu na nusu, na kitambaa kinaweza kulinasa. Sauti ya hezi 57 ina wimbi la mita sita. Na namba hiyo ya 57 sikuiokota tu. Chumba cha kupanga kilichozoeleka ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu na kidogo kila upande. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inalingana na upana wa chumba hurudi ukutani na kujikuta limepatana na linalokuja, likavimba. Kwa futi kumi, hilo hutokea kwenye hezi 57. Gitaa la besi la nyuzi nne huanzia hezi 41, kwa hiyo mpigaji anapanda na kushuka, na kila anapogusa noti iliyo jirani na 57 nyumba nzima inaguna. Chumba cha mraba ndicho kibaya kuliko vyote, maana urefu na upana vinavimbisha noti ile ile, na dari ikiwa nayo futi kumi, tatu zinarundikana mahali pamoja. Chumba cha futi 10 kwa 14 hugawa mzigo: 57 kwa upana, 41 kwa urefu.

Uvimbe huo hausambai sawasawa. Kando ya kuta unasikika kwa nguvu zote, na katikati kabisa ya chumba unatoweka. Mtu anaketi katikati, hasikii besi, anaongeza; mpangaji wa chumba cha pili, aliyelala kichwa ukutani, anaipata yote. Sogeza kiti kiwe karibu theluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa nyuma. Sabufa nayo iondoe kwenye kona, kwa sababu kona huchochea mivumo yote ya chumba kwa pamoja. Iende wapi? Kuna mbinu inayochekesha ukiitazama lakini ina msingi katika kanuni ambayo Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, aliieleza karne ya 19: ukibadilishana nafasi na chanzo cha sauti, utakachosikia hakibadiliki. Iweke sabufa juu ya kiti chako, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha piga magoti uambae na kuta. Utakapofika mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa, si pale zinapokuwa kubwa kuliko kwingine, hapo ndipo pa kuiweka.

Spika mbili za pembeni ni rahisi zaidi. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI aliyeomba hataza ya stereo mwaka 1931, alitumia njia mbili za sauti ili msikilizaji ajue nani amesimama kushoto na nani kulia. Hilo linawezekana tu kama wewe na spika mnafanya pembetatu yenye pande sawa, twita zikiwa usawa wa masikio. Spika moja juu ya kabati na nyingine sakafuni nyuma ya kochi si stereo. Waya wa kuziunganisha usikusumbue: ule wa kawaida wa nyumba, wa milimita 2.5 za mraba, wenye urefu wa mita tano, una ukinzani wa chini ya sehemu moja ya kumi ya omu ukihesabu kwenda na kurudi, nao si kitu mbele ya spika ya omu 8. Kebo za bei ya simu ni mapambo. Cha kuangalia ni rangi. Ukigeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika moja, moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na besi itapotea. Betri ya volti 1.5 inatosha kupima: chanya kwenye chanya, mguso mmoja mfupi, koni itoke nje.

Jambo la mwisho liko machoni. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alianza Kanada kuwapima wasikilizaji wasioziona spika, kisha mwaka 1994 yeye na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman, walilinganisha watu wanaoziona na wasioziona. Spika ndogo ya bei nafuu ilishuka alama mara tu watu walipoiona, na kubwa zenye sura ya fahari zilipanda. Majaribio ya Toole ya miaka mingi yalionyesha pia kwamba macho yakifichwa wasikilizaji hukubaliana kwa kiasi kikubwa: hupenda spika isiyotia chumvi, inayotoa masafa yote kwa usawa, mbele na pembeni.

Kwa hiyo nenda dukani na wimbo unaoujua kwa moyo, wenye sauti ya mtu na besi ya kweli. Omba spika mbili zifunikwe kwa khanga, zilinganishwe ukubwa wa sauti, maana inayopigwa juu kidogo hushinda daima, na zichezwe kwa kiwango utakachotumia nyumbani. Ukishindwa kuzitofautisha, chukua ya bei ndogo, na chenji ikanunue zulia.