Talaka, mtoto na paka wake

Dadangu alipoachika mwaka jana, alirudi kwetu Mji wa Kale, Mombasa, na mwanawe wa miaka minane. Kijana hakulia. Alinyamaza tu. Chakula alionja matonge mawili akaacha, na madrasa haendi mpaka avutwe. Aliyemfungua kinywa si mimi mjombake wala nyanyake, bali paka wa kichochoroni.

Kila jioni alimpa vichwa vya samaki, kisha akakaa naye barazani akimsimulia mambo yake. Siku moja nikamsikia: "Baba ameondoka kwa sababu nilivunja simu yake." Moyo ulinishuka. Kumbe miezi yote ile alijibebesha lawama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mnyama humfaa mtoto kama huyu. Kwanza, hamuulizi anampenda nani zaidi, baba au mama. Pili, hana upande. Tatu, humpa kazi ya kila siku wakati mengine yote yamepinduka.

Lakini paka hawezi kumwambia kuwa hana kosa. Hilo ni letu. Nilimpigia shemeji, akaja, na wazazi wote wawili wakamwambia wazi kuwa ugomvi ule haukuwa wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema malezi ni jukumu la baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la. Mke na mume huachana, mwana haachwi.

Ndugu zangu, mtoto akishikana na mnyama, msimfukuzie. Ketini karibu, mumsikilize.