Trela, kionjo na umbizo: maneno ya video na namna ya kuyatumia

Filamu ya njozi hujadiliwa miezi mingi kabla ya kutoka. Mashabiki huwa na kipande kifupi cha video tu mkononi, nao hukichambua picha kwa picha. Katika mazungumzo hayo huzuka maswali ya aina mbili: kipande kinaonyesha nini, na mbona kwangu hakifunguki? Mtafsiri na mwalimu wanahitaji maneno ya kujibu yote mawili.

Trela au kionjo?

Neno *trela* tumelikopa kutoka Kiingereza, na msingi wa maana yake ni kitu kinachokokotwa nyuma ya kingine. Mjini Tunduma, mkoani Songwe, ambako malori hupanga foleni kuvuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, neno hilo halihitaji kufafanuliwa: ni sehemu ya kubebea mizigo inayovutwa na kichwa cha lori, na wengi huitamka *tela*.

Katika sinema, jina hilo lilianza nchini Marekani katika miaka ya 1910, kwa kuwa matangazo ya filamu zijazo yalionyeshwa baada ya filamu kuu kwisha. Watazamaji wakawa wanaondoka bila kuyaona, hivyo yakahamishiwa mwanzoni. Jina halikubadilika. Anayesema *trela* leo anataja kitu kinachotangulia kwa jina la kitu kinachofuata.

*Kionjo* (ngeli ya KI-VI) kimeundwa kutokana na kitenzi *onja*. Anayeonja mchuzi hupata kiasi kidogo cha kumwezesha kupima chungu kizima, na hiyo ndiyo kazi ya video hiyo fupi. Kuna tahadhari moja: katika muziki, *vionjo* ni madoido ya sauti au ala yanayoongeza ladha ya wimbo. Kwa hiyo, mara ya kwanza andika *kionjo cha filamu*. Baadaye *kionjo* peke yake kinatosha.

Usikiite *muhtasari*. Muhtasari husimulia kisa hadi mwisho, ilhali kionjo huuficha mwisho makusudi. *Trela* si kosa katika mazungumzo, ila katika matini moja chagua neno moja ulishike.

Umbizo, kontena na kodeki

*Umbizo* (LI-YA) ni namna data za faili zilivyopangwa ili programu iweze kuzisoma. Katika video, neno hili moja hufunika mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa.

La kwanza ni *kontena*, yaani kifungashio kinachobeba picha, sauti na pengine manukuu pamoja. MP4, MKV, AVI na 3GP ni makontena. La pili ni *kodeki*, kanuni iliyotumika kubana picha au sauti na inayohitajika tena kuifungua. H.264, iliyotolewa mwaka 2003, inasomwa na karibu kila simu janja; H.265 ya mwaka 2013 hubana zaidi, lakini vifaa vingi vya zamani haviifahamu.

Hapa lugha ya malori inasaidia. Kontena mbili zinaweza kufanana kwa nje, moja ikawa na shaba na nyingine nguo. Vivyo hivyo, herufi *mp4* mwishoni mwa jina la faili hutaja kifungashio tu. Ndiyo sababu faili mbili za MP4 zinaweza kuwekwa katika simu ileile, moja ikacheza na nyingine ikatoa sauti bila picha.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Kanda za VHS zilizorekodiwa Marekani kwa mfumo wa NTSC zilisumbua katika deki za mfumo wa PAL zilizotumika Tanzania. DVD nazo zilikuja na namba za maeneo: 1 kwa Marekani, 5 kwa sehemu kubwa ya Afrika.

Halitumiki, haioani, haisomi

Chukua mfano wa kijana wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, aliyepakua kionjo kwa bando lake la mwisho. Simu inamwandikia: *Umbizo hili halitumiki.* Anaelewa kwamba faili ni bovu, anaifuta. Faili ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kodeki katika simu yake.

Utata umo katika kiambishi *-ik-*. Kauli ya kutendeka hueleza hali (*barabara hii haitumiki*, yaani watu hawaipiti) na pia uwezekano (*kisu hiki hakitumiki*, yaani hakifai). Maana zote mbili huitupia faili lawama, na hakuna inayoitaja simu.

*Kuoana* na *kutangamana* ni bora, kwa kuwa kauli ya kutendana hudai pande mbili: *video hii haioani na simu hii*. Nomino iliyo karibu nazo ni *upatanifu*. Usikate sentensi kwa kuandika *video haioani* pekee, maana msomaji atauliza: na nini?

Wasemaji wa kawaida wamekwishapata jibu jepesi zaidi. Husema *simu haisomi video hii*, na mtenda anajulikana papo hapo. Usemi huo unastahili kuingia katika tafsiri rasmi.

Mapendekezo kwa mtafsiri

- Badala ya *Umbizo halitumiki*, andika: *Simu hii haiwezi kusoma umbizo la video hii. Jaribu programu nyingine.*
- Tumia *faili imeharibika* pale tu data zenyewe zinapokuwa na kasoro.
- Kwa kazi ya kubadili faili, andika *kugeuza umbizo*. Kubadili herufi za mwisho za jina ni *kubadili jina*. Yaliyomo hubaki vilevile.
- Sauti ikisikika bila picha, eleza: *Kontena limefunguka, lakini kodeki ya picha haipo.*

Ujumbe wa hitilafu husomwa na mtu aliyekwama, mara nyingi akiwa peke yake na simu yake. Kabla ya kuuidhinisha, mtafsiri ajiulize kama msomaji huyo, akishausoma, atajua cha kufanya.