Ofisi Imejaa? Kabla Hujabomoa Ukuta, Soma Hapa!

Mlianza watatu, sebuleni kwa mmoja wenu, kila mtu na kompyuta yake mapajani. Mwaka wa pili mkawa wanane. Sasa mko ishirini na kila Jumatatu kuna sura mpya inatafuta pa kukaa. Hongera, kampuni yenu ya programu inakua! Ndipo bosi anapokuja na wazo lake: "Tubomoe kuta zote, tukae ukumbi mmoja kama Facebook." Subiri kwanza, mpenzi msomaji.

Ni kweli, mwaka 2015 Facebook walifungua jengo lililochorwa na Frank Gehry huko Menlo Park, California: ukumbi mmoja wa kuchukua wahandisi wapatao 2,800, na bustani juu ya paa. Picha zake zinavutia, asikudanganye mtu. Tatizo ni kwamba picha haina kelele.

Ukumbi na ukimya
Wanaopenda ukumbi wa wazi wanasema watu wakionana watazungumza. Mwaka 2018, Ethan Bernstein na Stephen Turban walitoa utafiti wao kuhusu kampuni mbili kubwa zilizoondoa kuta. Wafanyakazi walivishwa vifaa vya kupima nani anaongea na nani. Matokeo? Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na watu wakahamia kwenye kuandikiana. Yaani umekaa naye mita mbili tu, unamtumia ujumbe! Si ajabu. Kila mtu akikuona, unajificha ndani ya hedifoni.

Na kazi ya programu ni kama kuhesabu noti nyingi: ukisemeshwa katikati, unaanza moja. Mtu akikatizwa kutwa nzima, kazi anakwenda kuimalizia nyumbani usiku. Hapo anayelipia ile ofisi maridadi ni mke, mume na watoto.

Waliochagua milango
Mwaka 2003 kampuni ndogo ya programu ya New York, Fog Creek, iliingia kwenye ofisi mpya. Mwenye kampuni, Joel Spolsky, alimpa mchoraji masharti yake. La kwanza halikuwa na mjadala: kila mwandika programu apate chumba chenye mlango unaofungika. Mengine yalikuwa ya kawaida kabisa. Soketi ziwe nyingi, usawa wa meza, mtu asitambae chini kutafuta umeme. Nyaya zibadilishwe bila kuvunja ukuta. Anayechoka macho aweze kuinua kichwa na kuona mbali. Na wawili wakitaka kufanya kazi pamoja, watoshe mezani.

Baadaye, walipohamia ofisi kubwa zaidi, waliweka meza ndefu za kula chakula cha mchana pamoja. Umeona siri yake? Kazi kila mtu chumbani, chakula wote mezani.

Wewe ufanyeje?
• Kama mmepanga nyumba ya kuishi na kuigeuza ofisi, mna bahati. Vyumba vya kulala tayari vina milango! Weka wawili au watatu wenye kazi moja, na sebule iwe ya kukutania.

• Mauzo na huduma kwa wateja wanaongea na simu kutwa. Wasichanganywe na waandika programu.

• Mkipanga ukumbi mtupu, gawanyeni kwa jipsamu na vioo. Lakini jueni kioo kinapitisha mwanga na pia macho ya watu, kwa hiyo skrini zisielekee korido.

• Tengeni chumba kidogo cha simu. Ugomvi wa mtu na mchumba wake hauhusu ofisi nzima.

• Jenereta iwe mbali na madirisha, na kiyoyozi kisimpulizie mtu mmoja shingoni.

• Pesa ikiwa kidogo, nunua viti vizuri kwanza. Makochi ya rangi yatakuja.

• Acheni nafasi ya watu watano zaidi, maana watakuja tu.

Halafu kabla ya kumwita fundi, waulize wanaokaa humo. Muulize hata yule binti mpya aliyewekwa mlangoni, anayegongwa kiti kila mtu akienda chooni. Huyo anaijua ofisi yenu kuliko mchoraji yeyote.