Mchicha wa Bustanini na Unga wa Kopo

Mgonjwa wa Karagwe au Kyerwa anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ama kwa sababu ya valvu ya chuma moyoni, ama kwa damu iliyowahi kumganda mguuni, huambiwa aogope mboga za majani. Naona woga huo umeelekezwa pasipostahili. Ini hukamilisha protini nne za kugandisha damu, yaani namba 2, 7, 9 na 10, kwa msaada wa vitamini K, iliyomo kwa wingi kwenye mboga za majani, nayo wafarini huuzuia mwili kuitumia tena vitamini hiyo. Daktari hupanga dozi kwa kupima damu ya mtu anayekula kama alivyozoea. Akiwa anakula ndizi na maharage pamoja na mchicha kila siku, mchicha huo umo tayari katika hesabu. Kinachovuruga hesabu ni badiliko la ghafla, na badiliko hilo huletwa kirahisi zaidi na kopo la unga wa majani ya mlonge au vidonge vya virutubisho, vinavyoanzwa leo na kuachwa kopo likiisha. Protini namba 2 hukaa siku kadhaa kwenye damu, hivyo madhara huja polepole, wakati mgonjwa ameshaamini kuwa unga umemkubali.

Wapo watakaosema kwamba kitu cha asili hakidhuru. Wafugaji wa Marekani na Kanada walijifunza vingine miaka ya 1920, ng'ombe wao walipovuja damu hadi kufa kwa kula majani ya klova yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wenzake wa Wisconsin waliitambua kemikali iliyohusika, na kutokana nayo ikazaliwa wafarini, sumu ya panya mwaka 1948, kisha dawa ya binadamu mwaka 1954. Wafarini yenyewe basi ina asili yake malishoni.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kitafichua kila kasoro. Kitafichua ya vitamini K, mradi mgonjwa apimwe mapema, na safari ya kwenda hospitali ya Bukoba au ya Bugando, Mwanza, si ya kila wiki. Lakini vidonge vya kitunguu saumu huweza kugusa chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, ambazo INR haizipimi kabisa: majibu yanaweza kuwa mazuri huku fizi zikitoka damu. Kwa hiyo mgonjwa aendelee na mchicha wake kwa kiasi kilekile, asiache dawa kwa uamuzi wake, na kopo alipeleke kliniki kabla hajalifungua.