Kabla hujamwambia mzazi wako aache kazi

Mzee anapoletwa kliniki na mtoto wake, mara nyingi malalamiko huwa mawili. Mzee analalamikia magoti. Mtoto analalamika kuwa mzee hasikii: ameshatimiza miaka 70, lakini kila kukicha yuko shambani, gengeni au kwenye cherehani. "Daktari, mwambie apumzike," ndiyo kauli ninayoisikia zaidi.

Siwezi kumwandikia mzee mapumziko kama ninavyomwandikia dawa. Kwanza lazima nijue kwa nini anafanya kazi, maana ushauri unategemea sababu hiyo.

Kwa nini hawaachi

Hapa nchini, watumishi wengi wa umma hustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 na kwa lazima wakiwa na 60. Lakini wazee wengi hawakuwahi kuajiriwa. Mkulima, mvuvi, mama lishe na fundi hawana barua ya kustaafu wala malipo ya kila mwezi. Zanzibar ilianzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa wazee wote waliofikisha miaka 70, ikianza na Sh20,000 kwa mwezi. Kwa wazee wengi wa Bara, pensheni ni nguvu zao wenyewe na watoto wao. Wengine wanalea wajukuu, na ada ya shule haijali umri wa anayelipa.

Lipo kundi jingine lisilosukumwa na njaa. Wazee wa leo walikua wakisikia kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi". Mtaani wanajulikana kwa kazi zao: Mwalimu, Fundi, Mama Maandazi. Unapomwambia mtu kama huyo "kaa tu, tutakulisha", wewe unaona umemhurumia, yeye anaweza kusikia kwamba hahitajiki tena.

Kazi inapokuwa dawa

Umri unavyosogea misuli hupungua, na isiyotumika hupungua haraka zaidi. Mzee akilala kitandani wiki mbili tu, miguu inaweza kupoteza nguvu ambazo zitachukua muda mrefu kurudi. Hapo ndipo kuyumba na kuanguka huanza, na mwenye mifupa dhaifu anaweza kuvunjika nyonga.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za kutumia nguvu za wastani, kama kutembea kwa haraka. Bibi anayepalilia bustani yake ya mchicha na kuipeleka sokoni kwa miguu huenda anazifikisha bila kujua. Sokoni pia anapata watu wa kuzungumza nao, na upweke ni mzigo mzito kwa afya ya akili ya mzee.

Hata hivyo tusidanganyike. Si kila mzee anayefanya kazi ana afya njema kwa sababu ya kazi. Wengine wanafanya kazi kwa sababu bado wana afya njema.

Kazi inapoficha ugonjwa

Kinachonitisha zaidi ni vidonge vya maumivu. Wapo wazee wanaomeza diklofenaki kila asubuhi ili magoti yawafikishe jioni. Dawa za kundi hilo zikitumika mfululizo zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kusababisha vidonda vya tumbo vinavyotoka damu. Mwenye presha au ugonjwa wa figo yuko hatarini zaidi.

Wengine huruka dawa ya presha inayoongeza mkojo kwa sababu sokoni hakuna choo cha karibu. Wapo wanaomeza dawa ya kisukari au kuchoma insulini alfajiri, kisha wanaenda shambani bila kula. Sukari ikishuka sana, mzee hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Isitoshe, mzee huhisi kiu kidogo kuliko kijana, hivyo juani anaweza kupungukiwa maji bila kujua.

Mengi ya haya yana suluhisho bila kuacha kazi. Muda wa kumeza dawa ya presha unaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari. Fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi huenda anahitaji miwani tu, au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Zungumzeni hivi

Badala ya kuanza na amri, mwamkie, keti naye, kisha uliza: "Baba, ni sehemu gani ya kazi inakuchosha zaidi?" Mwingine atataja ndoo ya maji, mwingine gunia, mwingine kusimama kutwa. Anzeni na hicho alichokitaja. Kijana abebe gunia, mzee abaki na hesabu. Jembe lishikwe asubuhi kabla jua halijawa kali. Mama apate kigoda cha kukalia, maji ya kunywa na chakula kwa wakati.

Kama anafanya kazi kwa sababu ya fedha, jadilini fedha. Huwezi kumwambia bibi aache maandazi wakati ada ya mjukuu inatoka kwenye hayo maandazi. Wana ndugu mkae, kila mmoja aseme atachangia nini kila mwezi, ndipo mumwombe apunguze.

Asimame mara moja

Kazi isubiri, na mzee apelekwe hospitali, akibanwa kifua au kuishiwa pumzi anapojishughulisha, akizimia, akianguka mara kwa mara, au akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Upande mmoja wa mwili ukilegea au mdomo ukipinda ghafla, usisubiri hata saa moja. Akianza kupotea njia aliyoizoea, au kukosea chenji kwenye biashara aliyoifanya miaka mingi, usiseme "ni uzee tu". Anahitaji kupimwa.

Siku ya kliniki, wekeni kwenye mfuko mmoja dawa zake zote, zikiwamo za duka la dawa na za kienyeji, mje nazo. Na mzee akiulizwa swali, mwache ajibu mwenyewe.